Masizi Kwenye Kenchi: Nyumba ya Kale Ikigawanywa kwa Wapangaji

Asanteni. Leo nitashikilia nyumba moja tu: Clergy House, yaani nyumba ya makasisi, kijiji cha Alfriston, Sussex, kusini mwa Uingereza. Ni ya karne ya 14, ya mbao za mwaloni na paa la nyasi.

Nyumba za mtindo huu, nyingi zikiwa Kent na Sussex, zina ukumbi katikati, wazi kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi. Ubavuni ndiko kwenye vyumba, vya chini na vya juu. Paa ni moja kwa vyote. Kati ya nguzo husukwa fito, kisha hukandikwa udongo. Kiambaza, kwa hiyo sina la kuwafundisha hapo. Sakafu ya ukumbi wa Alfriston ni chokaa ghafi iliyoshindiliwa, ikanyweshwa maziwa yaliyochacha ili igande.

Dohani hazikuwepo. Moto uliwaka katikati ya ukumbi, moshi ukajitafutia njia paani. Aliyepikiwa kwenye mafiga anajua makombamoyo yanakuwaje. Basi mkiingia nyumba ya aina hii iliyokatwakatwa vyumba, msihangaike na kuta kwanza. Pandeni juu ya dari mmulike tochi: masizi yakiwa yameenea kwenye kenchi, hapo chini palikuwa ukumbi.

Kuigawa ni rahisi, maana uzito umebebwa na nguzo. Kiambaza ni kizibo tu. Wenye uwezo walipohamia nyumba za matofali na mashamba madogo yakamezwa na makubwa, vibarua walihitaji pa kulala. Mwenye nyumba alitandika boriti kukatiza ukumbi, akapata ghorofa. Akajenga dohani yenye meko mawili yaliyopeana mgongo, kila familia na lake, na ngazi nyembamba ikabanwa ubavuni mwake. Mlango huu ukazibwa, ule ukatobolewa. Kodi mara mbili!

Alfriston nayo iligawanywa kwa vibarua, ikachakaa, kanisa likapanga kuibomoa. Mwaka 1896 National Trust, shirika changa la kuhifadhi majengo na ardhi, liliinunua kwa pauni 10. Ndilo jengo lake la kwanza kununua.

Husemwa kwamba wapangaji waliziharibu nyumba hizi. Sikubali. Tajiri angezivunja, au angezivika matofali hadi zisijulikane. Asiye na fedha huziba panapovuja, basi, na mwaloni ukabaki.

Kinachonisumbua ni ukarabati. Ukitaka ukumbi urudi wazi, lazima ung'oe dari, dohani na ngazi, yaani maisha ya vibarua kwa vizazi kadhaa, ili umwone mkulima mwenye nafasi wa kale. Chama cha kulinda majengo ya kale, alichoanzisha msanii na mwandishi Mwingereza William Morris mwaka 1877, kilipinga tabia hiyo: karabati kilichopo, usibuni upya kilichokwenda. Mimi niko upande wake, hata pale dari ya kibarua inapouficha ukumbi mzuri.

Karibuni kwa maswali.