Mazoezi ya Nyumbani kwa Anayeishi na Maltipo Sklerosisi

Ndugu mtazamaji, karibu. Video hii nimeiandaa kwa ajili ya mtu anayeishi na maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huutaja kwa kifupi MS, na pia kwa ajili ya ndugu anayemhudumia. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huushambulia utando unaozifunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, hata ujumbe unaokwenda miguuni, mikononi au kwenye kibofu ukachelewa au ukapotea njiani. Mazoezi hayauponyi ugonjwa huu. Yanachofanya ni kuilinda misuli, moyo na mapafu visidhoofike kwa kukaa bila kazi, kwa sababu sehemu ya unyonge ambao mgonjwa huulaumu ugonjwa hutokana na kukaa huko.

Kabla hatujaanza, naomba niizungumzie hofu moja, kwamba mazoezi huuzidisha ugonjwa, maana bila kuiondoa wengi wataizima video hii hapa. Kwa miaka mingi madaktari waliwashauri wagonjwa wa MS wapumzike na wasijichoshe. Ushauri huo haukutoka hewani. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia walipojishughulisha, kisha yakarudi hali yake walipopumzika. Leo tunafahamu kwamba chanzo ni joto: neva iliyoharibika utando wake hushindwa kupitisha ujumbe barabara joto la mwili linapopanda, hata likipanda kidogo tu. Mwili ukipoa, hali hurejea, na hakuna dhara jipya lililotokea. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 54, ambapo waliopangiwa mazoezi waliyafanya mara tatu kwa wiki kwa wiki 15, na wakaonyesha nafuu ya pumzi, nguvu na hata hisia zao kuliko wenzao ambao hawakufanya. Tangu hapo tafiti nyingi zimefuata mkondo huohuo. Kwa hiyo joto halitukatazi mazoezi, linatutaka tujipange.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujipanga. Mweleze daktari wako au mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kwamba unataka kuanza, na kama uko katikati ya shambulio jipya la ugonjwa, subiri kwanza hadi akuruhusu. Chagua saa ambayo hewa ina ubaridi na mwili wako una nguvu. Kwa aliyeko Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, hiyo ni alfajiri au asubuhi mapema, si alasiri. Washa feni ikielekea ulipo. Sasa tazama mwenzangu anavyofanya: amelowesha kanga katika maji baridi, ameikamua isichuruzike, ameikunja mara mbili na kuizungusha shingoni. Ikianza kupata joto ataichovya tena. Weka pia chupa ya maji baridi karibu, unywe fundo kabla ya kuanza na kila unapopumzika. Najua wapo wanaojinyima maji wakiogopa kibofu kitawaaibisha. Nenda msalani kwanza, lakini usijinyime maji.

Hatua ya pili ni kuuamsha mwili. Ukiwa umeketi, inua goti moja baada ya jingine kana kwamba unapiga hatua, zungusha mabega, kunja na kukunjua vifundo vya miguu. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya tatu ni kuketi na kusimama, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa katika mazoezi yote ya leo hili ndilo ninalolithamini zaidi. Ndilo litakalokusaidia kuinuka kitandani, msalani na kwenye kiti cha daladala bila kumsubiri mtu. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, uegemeze mgongo wake ukutani ili kisirudi nyuma. Sogea mbele mpaka ukingoni. Vuta nyayo nyuma kidogo hadi visigino viwe chini ya magoti, uzitenganishe kwa upana wa nyonga. Inamisha kifua mbele, pua ikaribie kuvuka magoti, kisha kanyaga sakafu kwa nguvu na uinuke. Simama wima, vuta pumzi, halafu shuka taratibu bila kujibwaga, kwa maana kushuka polepole nako kunajenga mapaja. Ukishindwa, jisukume kwa mikono au ongeza mto mgumu juu ya kiti. Anza na mara tano, upumzike dakika moja au mbili, kisha urudie. Mpumziko huo ni sehemu ya zoezi. Usiuruke ili uonekane shujaa.

Hatua ya nne ni ya miguu inayokakamaa. Keti chini au kitandani, nyosha mguu mmoja, pitisha kanga kavu chini ya unyayo na ushike ncha zake mbili. Vuta polepole mpaka uhisi mvutano kwenye shavu la mguu, ushikilie kwa sekunde 30 hivi, kisha uachie. Usivute kwa ghafla, kwa kuwa mshtuko huamsha ukakamavu uleule tunaotaka kuutuliza.

Hatua ya tano ni kusimama bila kuyumba. Simama ukitazama sinki ya jikoni au meza nzito, mikono juu yake, mtu akiwa karibu nawe. Weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, ukae hivyo kwa muda unaouweza. Ukizoea, ondoa mkono mmoja. Usifumbe macho, kwa sababu unyayo wenye ganzi huyategemea macho kujua ulipo.

Hatua ya sita ni kutembea, au kuendesha baiskeli isiyosogea; asiyeweza kusimama atumie mikono, na faida ya moyo na mapafu ataipata. Mwendo uwe ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Mwongozo uliotolewa Kanada mwaka 2013 kwa watu wazima wenye MS na ulemavu mdogo au wa kadiri unalenga dakika 30 za mwendo wa namna hiyo mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Hapo ni mahali pa kufika, si pa kuanzia. Anza na dakika tano, na ukihitaji fimbo, itumie.

Ukimaliza, kaa mbele ya feni na uendelee kunywa maji. Macho yakififia au miguu ikilegea, acha zoezi na ujipoze. Ukiamka kesho yake ukiwa hoi, punguza kiasi siku inayofuata badala ya kuacha kabisa. Lakini dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, ikiendelea zaidi ya saa 24 ilhali mwili umeshapoa, usiihesabu kuwa ni uchovu wa mazoezi: wasiliana na daktari wako siku hiyohiyo.