Wadudu wa Bahari Katika Miamba ya Matumbawe

Ndugu wasikilizaji, wadudu wameenea karibu kila mahali nchi kavu na kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi), lakini baharini ni haba mno. Wachache wanaokaa kwenye matumbawe maisha yao yote huamuliwa na kupwa na kujaa kwa maji, na anayekwenda kuwakusanya bila kujua majira hayo atarudi mikono mitupu.

Chukueni Hermatobates, aliyepewa jina kisayansi mwaka 1892 kutokana na vielelezo vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia. Hafikii milimita 5, na hana mbawa, dume wala jike. Maji yakipwa hutoka kwenye vitundu vya jiwe la tumbawe, akakimbia juu ya maji akiwinda viumbe vidogo. Bahari ikianza kujaa hurudi tunduni na kufunikwa na maji. Hafi, kwa sababu vinywele vilivyosongamana mwilini hushika utando wa hewa, na oksijeni iliyoyeyuka majini hupenya humo. Ndiyo maana tone la sabuni au mafuta kwenye chombo chenu cha kukusanyia litamzamisha: vinywele vikilowa, hewa imekwenda.

Pontomyia yeye ni wa jamii ya visubi, na kwangu ndiye wa ajabu zaidi. Buu wake huishi chini ya maji kabisa, ndani ya kijimrija alichojijengea kwenye mwani, na hupumua kwa ngozi. Akishapevuka hubakiwa na saa 3 hivi au pungufu. Dume huteleza juu ya maji kwa kupiga mbawa zake fupi kama makasia, akimtafuta jike asiye na mbawa, mwenye umbo la mnyoo. Wakishapandana, jike hutaga, kisha wote hufa. Kwa muda mfupi hivyo, wasipoibuka pamoja hawakutani.

Kuwatafuta, chagueni siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Fikeni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, msimame kimya kando ya mawe mafu yenye vitundu, maana kivuli kikipita juu yao hutawanyika. Tumieni wavu wenye matundu madogo sana. Kielelezo cha kuchunguza umbo kinatosha kuhifadhiwa kwenye ethanoli (spiriti) ya asilimia 70. Cha DNA kinataka asilimia 95, na ibadilisheni baada ya siku moja kwa kuwa maji ya mwilini huizimua. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa aina nyingi huyeyuka kwenye ethanoli.

Mabuu hupatikana kwenye mwani ulioota juu ya vipande vya tumbawe lililokufa. Viwekeni kivulini kwenye beseni la maji ya bahari, mfunike kwa chandarua. Kosa la kawaida ni kuongeza maji ya bahari yanapopungua. Chumvi haikukauka, maji ndiyo yaliyokauka, kwa hiyo ongezeni maji yasiyo na chumvi, hadi alama ya mwanzo tu. Tumbawe hai lisivunjwe hata kidogo, na kila jiwe mlilopindua lirudishwe lilivyokuwa, kwani wanaokaa upande wa chini hufa upesi wakipigwa na jua.