Draiva Huria, Lakini Funguo Kashika Nani?

Wanaonifahamu wameshajua nitaanzia wapi. Nouveau. Vumilieni.

Hii ni draiva huria, yaani programu ya kuiendesha kadi ambayo msimbo wake uko wazi, kwa kadi za michoro za NVIDIA. Iliingia kwenye kerneli, kiini cha Linux, mwaka 2010. Walioiandika hawakupewa nyaraka. Walichungulia draiva rasmi inaiamuru nini kadi, wakajaribu, kompyuta ikaganda, wakaanza upya. Na walifika mbali! Ukiwa na kadi ya GTX 680 unafungua faili moja liitwalo pstate, unaandika namba, kadi inaongeza kasi. Kwa mkono, sawa, lakini inaongeza.

Zikaja GTX 900. Kuanzia hapo kadi inakataa famuwea, ile programu inayokaa ndani ya kadi, isiyo na saini ya NVIDIA. Wakatoa yenye saini ya kuchorea. Ya kupandishia kasi wakaikalia. Sasa chukua GTX 1060, ambayo wengi wenu mmeinunua mtumba, uiendeshe kwa Nouveau: kasi iliyowakia nayo ndiyo itakayozimikia nayo. Msimbo wote uko wazi, unausoma mstari kwa mstari, na huna la kufanya. Halafu mtu ananiambia, "Mwalimu, si huria lakini?" Huria ya kusoma, ndiyo.

Najua kuna atakayesema famuwea ya AMD, washindani wa NVIDIA, nayo imefungwa. Kweli kabisa. Ila draiva yao huria inaruhusiwa kuiamuru kadi, na nyaraka walianza kuzitoa 2007. Ndiyo maana 2016 watu wa nje ya AMD waliweza kuandika RADV, draiva ya Vulkan (lugha ambayo gemu huiamuru kadi kuchora), na wacheza gemu wakaihamia. Mwaka 2025 AMD wenyewe wakaiacha AMDVLK, draiva yao ya Vulkan, wakaunga mkono hiyo ya wageni. Nionyesheni jambo kama hilo upande wa pili.

"NVIDIA si walifungua 2022?" Walifungua moduli za kerneli, kwa Turing, kizazi cha kadi kipya kuliko cha 1060, na kuendelea, baada ya kazi nzito kuhamia GSP, prosesa iliyo ndani ya kadi yenyewe, famuwea yake imefungwa. Sikatai, imesaidia: kwa GSP hiyo hiyo Nouveau sasa inapandisha kasi, na NVK, draiva huria ya Vulkan kwa kadi za NVIDIA, inafanya kazi vizuri. Lakini 1060 haina GSP, na tawi la 580 la draiva rasmi ndilo la mwisho kuitambua. Baada ya hapo mwenye kadi aende wapi?

Intel nilitaka kuwapa muda, naona naonyeshwa saa. Kwa kifupi: draiva ya i915 kwa kadi za zamani, Xe kwa mpya, zote zimo kwenye kerneli, huhangaiki kupakua kitu. Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, tuiache, tutalala hapa.

Maswali. Aanze mwenye 1060.