Alama Zinazobanduka: Kemia ya Protini Ndani ya Mitokondria za Moyo Unaozeeka

Shikamooni wazee wetu, na habari za asubuhi ninyi wengine.

Moyo wa mtu mzima hudunda kama mara 100,000 kwa siku. Kazi hiyo hulipiwa kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, takriban kilo 6 kila siku, ilhali akiba iliyomo moyoni kwa wakati mmoja inatosha mapigo machache tu. Moyo huchuma na kutumia papo hapo. Mchumaji wake ni mitokondria, ambazo zimejaza karibu theluthi ya nafasi yote ndani ya seli ya misuli ya moyo.

Wengi hudhani nishati hiyo inaishia kwenye kukaza. Kulegea nako kuna gharama. Baada ya kila pigo kalsiamu lazima irudishwe ghalani mwake, na pampu inayoirudisha hula ATP 1 kwa kila ioni 2 za kalsiamu. Nishati ikipungua, moyo huchelewa kulegea, ventrikali ya kushoto hujaa kwa taabu, shinikizo linapanda kuelekea mapafuni, na bibi anayepanda ngazi anahema ingawa kipimo cha nguvu ya kusukuma damu kinasoma vizuri. Kolajeni inayoongezeka kwa umri nayo hukakamaza ukuta wa moyo. Hiyo ni mada ya siku nyingine. Leo nashughulika na upande wa nishati, na hoja yangu ni kwamba sehemu ya kasoro hii imeandikwa kwa alama za kikemia zilizobandikwa juu ya protini ambazo bado zipo mahali pake. Baadhi ya alama hizo hubanduka, nyingine hazibanduki kamwe. Anayetaka kutibu aanze kwa kuzitofautisha.

Tuanze na pH, kipimo cha uasidi: ikipanda, protoni ni chache. Utando wa ndani wa mitokondria ni kama ukuta wa bwawa la umeme: mnyororo wa protini zinazopokezana elektroni unasukuma protoni nje, zinarundikana, kisha zinarudi ndani kupitia ATP sintesi, kinu ambacho kweli huzunguka. Peter Mitchell alilitoa wazo hili mwaka 1961, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Sasa, protoni zikishatolewa, ndani kunabaki pH inayokaribia 8, wakati nje, kwenye saitoplazimu, ni 7.2 hivi. Chukueni sisteini, asidi amino yenye salfa. Ile ya kawaida ina pKa, yaani pH ambapo nusu yake imeachia protoni, ya kama 8.3. Kwenye pH 7.2, sisteini 7 hivi kati ya 100 zimeachia protoni yake na kubaki na salfa yenye chaji hasi. Kwenye pH 8 ni kama 33. Na salfa yenye chaji hasi ndiyo inayorukia peroksidi ya hidrojeni. Kwa hiyo mahali pale pale ambapo mnyororo huvujisha elektroni na kuzaa peroksidi, ndipo sisteini zilipo tayari zaidi kushambuliwa. Bwawa na hatari yake vimejengwa pamoja.

Hatua zenyewe ni hizi. Peroksidi ikiigonga salfa, inaiachia oksijeni 1, na hapo inakuwa asidi ya sulfeniki, kitu kisichodumu. Mara nyingi glutathioni iliyo jirani, molekuli ndogo yenye salfa inayolinda seli, huishika na kujibandika juu yake, au sisteini ya pembeni inaungana nayo. Huu ni ulinzi: salfa imefunikwa, protini imepunguza kazi, na kimeng'enya kiitwacho glutaredoksini kinaweza kuja kuifunua. Lakini peroksidi ikiwa nyingi na glutathioni haba, oksijeni ya 2 inaingia, ni asidi ya sulfiniki. Ya 3, ni asidi ya sulfoniki. Kutoka ya 2 hakuna kurudi kwa protini nyingi. Peroksiredoksini, protini zinazosafisha peroksidi, zina bahati ya kuwa na kimeng'enya chake, sulfiredoksini, kinachozirudisha. Kutoka ya 3 hakuna kurudi kabisa. Protini hiyo inangoja kukatwa na Loni, protiesi (kimeng'enya kinachokata protini) ya ndani ya mitokondria.

Akonitesi, kimeng'enya kimojawapo cha mitokondria, huharibika kwa njia nyingine. Kazi yake inategemea kishada cha chuma 4 na salfa 4. Supaoksaidi, yaani oksijeni iliyobeba elektroni 1 ya ziada, inang'oa chuma 1, kimeng'enya kinanyamaza, na chuma kilichong'oka kinakutana na peroksidi na kuzaa radikali ya haidroksili, ambayo haichagui cha kuchoma. Kishada hicho kinaweza kurudishiwa chuma chake. Pengo ni dogo sana, atomu moja, na ndiyo maana akonitesi hutumika kama kipimo cha mapema.

Lisini, asidi amino nyingine, nayo ina hadithi yake. Kwenye pH hiyo hiyo ya juu, asetili-CoA, molekuli inayobeba kikundi kidogo kiitwacho asetili, inaweza kuibandikia lisini asetili hiyo bila kimeng'enya chochote. Wa kubandua ni kimeng'enya sirtuini 3, na kila anapobandua anatumia molekuli 1 ya NAD, kisaidizi cha vimeng'enya. Kwa umri NAD hupungua, mbanduaji anakosa nyenzo. Mfano ulio wazi ni lisini ya 166 kwenye saiklofilini D, protini inayosimamia tundu la hatari la utando wa ndani. Panya wasio na sirtuini 3 wana alama hiyo kwa wingi, tundu lao hufunguka kwa kalsiamu kidogo zaidi, na wanapozeeka moyo wao hunenepa na kuingia makovu. Tundu likifunguka na kubaki wazi, bwawa limepasuka.

Lakini naomba tahadhari hapa, kwa sababu kosa hili linaharibu makala nyingi. Mashine za leo zinaweza kuorodhesha maelfu ya lisini zenye asetili kwenye mitokondria. Kwa sehemu nyingi kati ya hizo, alama imebeba chini ya protini 1 kati ya 100. Alama ya namna hiyo haiwezi kuzima kimeng'enya. Kabla ya kusema "asetili imezuia", onesheni ni sehemu gani ya protini inayoibeba, kisha badilisheni lisini hiyo kuwa arginini, ambayo haipokei asetili, mwone kama kazi inarudi.

Ushahidi kwamba baadhi ya uharibifu hurudi nyuma unatoka kwa panya wa miezi 24, ambao kwa panya ni uzee kamili. Walipewa elamipretidi, kipeptidi cha asidi amino 4 kinachoshikamana na kadiolipini, mafuta ya pekee ya utando wa ndani. Kwa wiki 8 tu, ulegeaji wa moyo wao uliboreka sana, uvujaji wa protoni ukapungua, na glutathioni iliyobandikwa kwenye protini ikapungua pia. Msiharakishe kupeleka matokeo hayo kwa binadamu. Katika jaribio la wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kukaza, wiki 4 za dawa hiyo hazikupunguza ujazo wa ventrikali. Huo ni ugonjwa mwingine na muda ni mfupi, lakini matokeo ni matokeo.

Nimeletewa swali kwa karatasi: kwa nini basi tusinywe vitamini E? Jaribio la HOPE, lililochapishwa mwaka 2000, lilikuwa na watu zaidi ya 9,000, karibu nusu yao wakapewa vitamini E yuniti 400 kwa siku kwa miaka kama 4 na nusu, na moyo haukufaidika. Kemia inaeleza. Vitamini E hukaa kwenye mafuta na kukatiza mnyororo wa radikali humo. Peroksidi ya hidrojeni si kazi yake, ni kazi ya peroksiredoksini na glutathioni peroksidesi. Na salfa iliyokwisha kufunikwa haifunuliwi na vitamini hiyo.

Sasa maabara, na hapa nitakaa, kwa kuwa nusu ya alama mnazoziona huenda mmezibandika wenyewe.

Moyo ukitolewa, salfa huanza kuoksidishwa na hewa ndani ya dakika chache. Mkitaka kupima sisteini, gandisheni kipande kwa koleo lililopozwa kwenye nitrojeni kimiminika, kisageni humo humo, kisha kiyeyukie ndani ya bufa (kimiminika kinachotunza pH) iliyokwisha kuwekwa NEM, kemikali inayoziba salfa huru, milimola 20 hadi 50, pH isizidi 7.5. Ikizidi, NEM inaanza kuzishika na lisini. Itayarisheni siku hiyo hiyo, majini inaharibika. Salfa huru zikishazibwa, ondoeni NEM yote kwa kutumia asetoni kuifanya protini itulie chini kama mashapo, ndipo mtie DTT, kemikali ya kufunua zile zilizofunikwa, halafu alama ya pili ya kuzishika zilizofunuliwa. NEM ikibaki, inakula DTT na mtapata sifuri ya uongo. Kila mara muwe na mrija mmoja usiotiwa DTT. Kinachoonekana humo ni kelele.

Mkitenga mitokondria, bufa ya sukrosi milimola 250, EGTA (hunasa kalsiamu) milimola 1, yote kwenye barafu. Wengi huongeza albumini kunasa mafuta. Kwa kazi ya salfa iacheni: albumini ina sisteini huru 1, nayo itajaza vipimo vyenu. Zungusheni kwa 600 g (g ni mvutano wa dunia, si gramu) dakika 10, chukueni maji ya juu, mzungushe tena kwa 8,000 g dakika 10. Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Mashapo ya kwanza hutupwa, na ndani yake mna mitokondria zilizobanwa katikati ya nyuzi za misuli. Kwa panya wakubwa wa maabara wa miezi 24, hizo ndizo zilizoonesha kushuka kwa kompleksi III na IV, sehemu mbili za ule mnyororo wa elektroni. Zile za pembezoni, zinazotoka kirahisi, zilikuwa sawa. Ukitupa mashapo utaandika kwamba uzee haugusi mitokondria. Yasageni tena, myatie protiesi kwa muda mfupi uliopimwa, mzioshe, kisha mpime makundi mawili mbalimbali.

Kwa kabonili, alama ambazo oksidisho huacha kwenye protini, kipimo cha DNPH, kemikali inayozishika, husomwa karibu na nanomita 370, na moyo umejaa mayoglobini ambayo hunyonya mwanga papo hapo. Bila mrija wa kulinganisha wenye asidi tupu isiyo na DNPH, mtakuwa mnapima wekundu wa nyama. Na kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, asetili huongeza daltoni 42.011 na methili 3, alama nyingine ya lisini, huongeza 42.047. Mashine isiyoweza kutofautisha 0.036 haiwezi kuwaambia ni ipi kati ya hizo mbili mmeipata.

Kwenye lebo ya kila mrija andikeni dakika zilizopita tangu damu iliposimama hadi kipande kilipoganda. Moyo wa kijana uliokaa dakika 5 mezani na wa mzee uliogandishwa baada ya sekunde 10 haviwezi kulinganishwa, hata takwimu zikikubali.