Bima ya gari Texas: 30/60/25 inamlipa nani?

NEEMA: Leo tuko Texas. Kaka Juma, tuanze na zile namba tatu.

JUMA: 30/60/25, kiwango cha chini cha sheria, kwa maelfu ya dola. 30,000 ni za mtu mmoja uliyemjeruhi, 60,000 ni za majeruhi wote wa ajali moja, 25,000 ni za mali uliyoiharibu. Mkono wako uliovunjika haumo humo, wala bampa lako.

NEEMA: Kumbe ndiyo ile bima ndogo ya Dar.

JUMA: Ndiyo hiyo, na ina kikomo. Umegonga pikapu ya dola 40,000 ikawa ya kutupa: kampuni inatoa 25,000, na zile 15,000 mwenyewe anakudai wewe, mahakamani akitaka.

NEEMA: Basi mtu anamwambia wakala, nipe bima kubwa.

JUMA: Hapo ndipo wengi wananaswa. Kwetu bima kubwa, komprehensivu, inabeba yote: umegonga, umeibiwa, limeungua. Marekani neno hilohilo linabeba wizi, moto, mafuriko, mvua ya mawe, na kulungu akikurukia barabarani. Ukigonga nguzo au gari la mwenzio, hiyo ni bima ya mgongano, inanunuliwa peke yake. Sheria hailazimishi hata moja kati ya hizo mbili. Aliyekukopesha pesa za kununulia gari ndiye anayezidai zote.

NEEMA: Na wakala akisema "ful kavareji", yaani bima kamili?

JUMA: Mwambie akusomee mstari kwa mstari, maana neno hilo halina tafsiri ya kisheria. Uliza na eksesi, kile unachokatwa kwanza. Gari la dola 2,500 lenye eksesi ya 1,000, ukilivunja kabisa unapata 1,500 tu. Linganisha kwanza na malipo ya bima ya mwaka.

NEEMA: Sasa zile karatasi za kusaini haraka-haraka.

JUMA: Dada, hizo ndizo ningezishika mkononi muda mrefu kuliko zote. Kampuni ya Texas inalazimika kukupa bima mbili, na ukizikataa ukatae kwa maandishi. Ya kwanza inafunika ajali ya dereva asiye na bima au mwenye bima isiyotosha. Ya pili, PIP, yaani kinga ya majeraha binafsi, inaanzia dola 2,500: inalipa matibabu yako na abiria wako, na asilimia 80 ya mshahara uliokosa, awe nani mwenye kosa. Wakala anayetaka bei ionekane ndogo anakuwekea alama ya X pa kutia sahihi, nawe unatia. Umeshazikataa bila kujua.

NEEMA: Akinigonga mtu akakimbia, ile ya kwanza inalipa?

JUMA: Inalipa, ila gari lake liwe limegusa lako. Akikuchomekea ukakwepa ukaingia mtaroni bila kuguswa, dai linakwama. Piga simu polisi papo hapo, piga picha alama za rangi. Na kwenye uharibifu wa gari chini ya bima hiyo, 250 za kwanza ni zako.

NEEMA: Ukikamatwa huna bima kabisa?

JUMA: Polisi anaangalia kwenye TexasSure, mfumo wa jimbo wa kuhakiki bima. Kosa la kwanza faini ni dola 175 hadi 350, ukirudia ni 350 hadi 1,000, na leseni inaweza kusimamishwa.

NEEMA: Shemeji akiazima gari?

JUMA: Angalia kama jina lake limeandikwa kwenye fomu ya madereva walioondolewa. Watu humwondoa kijana wa nyumbani ili bei ishuke, halafu wanamtuma dukani na gari lilelile. Akigonga, kampuni hailipi.

NEEMA: Na anayepeleka chakula kwa programu ya simu?

JUMA: Mkataba wa kawaida kwa kawaida unamtoa. Aombe kiambatisho cha kazi hiyo, kimfunike tangu anapowasha programu akisubiri oda, siyo tu akishabeba mzigo.