Nani Atalipima Vumbi Hili?

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Nimekuja na kitu kidogo, naomba kipite mkono kwa mkono mpaka kule nyuma. Ni kikopo cha plastiki chenye upana wa milimita 37, na ndani yake mna kichujio cheupe chepesi sana. Asubuhi mpimaji hukibana kwenye ukosi wa shati la mfanyakazi, karibu na pua na mdomo, akakiunganisha kwa mrija na pampu iliyofungwa kiunoni, kisha akamwacha mtu aende kazini kwake. Pampu inavuta kama lita 2 za hewa kila dakika, zamu nzima. Jioni kichujio kinakwenda maabara, likapimwe vumbi kilichonasa.

Chukueni vumbi la silika, lile linalotoka mwamba unapochorongwa, zege inapokatwa au mchanga unaporushwa kwa mgandamizo. Viwandani na kwenye ujenzi nchini Marekani, sheria inaruhusu maikrogramu 50 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Maikrogramu 50 ni karibu uzito wa chembe moja ya chumvi ya mezani. Chembe moja tu, isagwe mpaka jicho lisiione, itawanywe ndani ya sanduku lenye mita moja kila upande. Hicho ndicho kipimo tunachokizungumzia.

Sasa niambieni, ni mfanyakazi gani atakiona hicho kwa macho yake? Vumbi mnaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha ni lile kubwa, na sehemu kubwa yake hunaswa puani na kooni. Lile la hatari halionekani, halinuki, wala halikoholeshi siku hiyo. Linakaa mapafuni miaka kumi, ishirini, likitengeneza makovu. Mtu anapoanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, ameshabadilisha ajira mara tatu, na watu wanasema ana kifua.

Ajali kazini ina mashahidi. Mtu akianguka kutoka juu ya jukwaa, kila aliyekuwepo anajua kilichotokea. Ugonjwa wa kazi hauna shahidi hata mmoja mpaka mtu aende kuutafuta. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa karibu watu milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi. Kati ya hao, wanaouawa na ajali ni kama 330,000. Waliobaki, milioni 2.6, wanauawa na magonjwa. Wanafia vitandani, mbali na mashine, na mara nyingi hakuna anayeandika popote kwamba kazi ndiyo iliyowaua. Mwenye kiwanda hana sababu ya kungoja miaka ishirini aone. Mfanyakazi hana maabara. Daktari anamwona mgonjwa mmoja mmoja. Kwa hiyo nasema kazi hii ya kuutafuta ugonjwa ni ya serikali, na nitawaeleza kwa nini naamini hivyo kwa kupitia nchi moja ambayo kumbukumbu zake ziko wazi.

Jimbo la Illinois lilikuwa na tume ya kuchunguza magonjwa ya kazi, na mwaka 1910 utafiti wenyewe akakabidhiwa daktari mmoja mwanamke, Alice Hamilton. Mwaka uliofuata serikali kuu ya Marekani ikamchukua afanye kazi hiyo hiyo nchi nzima. Hakuwa na mamlaka ya kumlazimisha mtu kumfungulia geti. Aliomba kuingia, akaingia, akatazama. Alifuatilia hasa madini ya risasi, kwenye viwanda vya rangi na vya mabeseni ya kuogea yanayopakwa enameli. Alipita kwenye hospitali na kwenye makazi ya wafanyakazi, akazungumza na wagonjwa pamoja na familia zao, na kila mgonjwa akamfunga na kazi maalumu: huyu alikuwa akifanya nini, chumba gani, kwa muda gani. Sumu ya risasi hulegeza misuli inayoinua kiganja, mkono ukainuliwa kiganja kinaning'inia tu. Waajiri walikuwa wakisema wagonjwa hawanawi mikono. Yeye alionyesha kuwa risasi ilikuwa kwenye vumbi na mvuke waliokuwa wakiuvuta. Hoja ya sabuni ikakosa nguvu.

Hamilton alifariki Septemba 1970 akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba, Rais Nixon alitia saini sheria ya usalama na afya kazini. Sheria hiyo ilizaa vyombo viwili, na mpangilio huo naupenda sana. Kimoja, OSHA, kiko Wizara ya Kazi: kinaweka kanuni, kinakagua, kinatoza faini. Cha pili ni taasisi ya utafiti, NIOSH, iliyowekwa upande wa afya. Hiki hakitozi mtu faini. Kazi yake ni kujua na kupendekeza. Mtafiti wake anaingia kiwandani akiwa na haki ya kisheria ya kuingia, lakini bila kitabu cha faini mkononi, na hilo linafungua midomo mingi.

Kuna jambo moja chini ya sheria hiyo ambalo ningependa kila mtu hapa alijue. Wafanyakazi watatu wakitia saini ombi, taasisi inaweza kuja kuchunguza kihatarishi kazini kwao bila malipo, na wakitaka majina yao yafichwe kwa mwajiri yatafichwa. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuomba, mwajiri mwenyewe pia. Saini tatu, basi.

Niwaeleze kisa cha bisi, maana nikiulizwa utafiti wa serikali una faida gani, hiki ndicho ninachokitoa kwanza. Mei 2000 daktari mmoja aliitaarifu idara ya afya ya jimbo la Missouri kuhusu watu wanane wenye ugonjwa wa nadra sana, ule wa vijia vidogo vya hewa mapafuni kuziba kwa makovu. Hauponi. Wote wanane walikuwa wamewahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi za kupikwa kwenye maikrowevu. Jimbo likaiita NIOSH.

Watafiti walipofika walikuta chumba cha kuchanganyia. Kuna matangi ya mafuta ya soya yaliyopashwa moto, mtu anafungua mfuniko, anamimina chumvi na ladha ya siagi, na mvuke wenye harufu nzuri unampanda usoni. Harufu nzuri, hilo lisisahaulike. Hakuna aliyekohoa akakimbia. Ladha hiyo ilikuwa imekubaliwa kuliwa, na kila mtu alidhani kinachofaa tumboni kinafaa na kifuani. Watafiti waliwapulizisha wafanyakazi kwenye mashine ya kupima pumzi, wakapima hewa chumba kwa chumba. Walikuta kuziba kwa njia za hewa ni mara 3.3 ya kiwango kilichotarajiwa. Na pale ambapo mtu angesema hao ni wavutaji sigara, walitazama wasiowahi kuvuta kabisa: huko ilikuwa mara 10.8. Kadiri mtu alivyokuwa amevuta mvuke huo kwa wingi, ndivyo pumzi yake ilivyokuwa mbaya. Majaribio ya panya waliovutishwa mvuke wa ladha hiyo yakaonyesha ngozi laini ya ndani ya njia za hewa ikiharibika. Kemikali iliyoshukiwa zaidi ni diasetili, ile inayoipa ladha hiyo usiagi wake.

Kabla ya hapo hakuna kanuni iliyokuwa imevunjwa, kwa sababu hakukuwa na kanuni ya mvuke huo. Mkaguzi angepita na karatasi yake, akaweka alama kila kisanduku, akaondoka. Ukaguzi unalinda dhidi ya hatari tunayoijua tayari. Ile tusiyoijua, watu wanane walishaibeba mapafuni.

Lakini kujua peke yake hakutoshi, na hapa nasema kwa uchungu. Mwaka 1930 na 1931, kule West Virginia, maelfu ya vibarua, wengi wao Weusi, walitoboa handaki la Hawk's Nest kwenye mwamba uliojaa silika. Walichoronga mwamba mkavu, bila maji ya kulaza vumbi. Mamia walikufa, baadhi ndani ya muda mfupi mno. Mwaka 1974 NIOSH ilipendekeza kiwango kile cha maikrogramu 50. Kanuni yenye kiwango hicho kwa ujenzi na viwanda ilikuja mwaka 2016. Piga hesabu: miaka 42. Ya migodini ilitolewa mwaka 2024, na utekelezaji wake ukasimamishwa mwaka uliofuata. Vijana walioanza kazi mwaka ule wa pendekezo walikaribia kustaafu kabla halijawa sheria.

Na mapafu hayasubiri. Mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe wa Farmington mwaka 1968 uliua watu 78, ukaleta sheria ya migodi ya makaa ya mwaka 1969, na chini yake mchimbaji ana haki ya kupigwa picha ya kifua bila malipo. Kwa miongo mitatu picha hizo zilionyesha ugonjwa wa mapafu meusi, ule unaoletwa na vumbi la migodi ya makaa, ukipungua. Kisha ukaanza kupanda. Mwaka 2018 watafiti wa NIOSH waliripoti wagonjwa 416 wa hatua mbaya kabisa, kutoka kliniki tatu tu za kusini-magharibi mwa Virginia. Tabaka nene za makaa zimekwisha, mashine zinakata mwamba pamoja na makaa, na mwamba una silika. Bila picha za kifua tusingejua.

Mchimbaji anapanda kwenye gari maalumu lililofika jirani na mgodi, anavua shati, anakibana kifua kwenye bamba, anaambiwa avute pumzi aishike. Majibu anatumiwa yeye, mwajiri hapewi. Makovu yakionekana, ana haki ya kuhamishiwa penye vumbi dogo bila kupunguziwa mshahara. Aprili 2025 watu wa kuzisoma picha hizo waliambiwa wakae nyumbani, pamoja na mamia ya wenzao. Mchimbaji mmoja akaenda mahakamani, na katikati ya Mei jaji wa shirikisho huko West Virginia akaamuru kazi hiyo irudi. Ilirudi kwa sababu mtu mwenye vumbi mapafuni alijua haki yake kwa jina na kifungu.

Kikopo kimefika nyuma? Basi naomba kirudi mbele, tuanze maswali.