Jengo Kubwa la Biashara Mtaani: Pingamizi Liandikwe kwa Vipimo

Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kufika.

Wakazi wengi hushtuka wanapoona mabati yamezungushwa na tingatinga limeingia kiwanjani. Kufikia siku hiyo, kwa kawaida maamuzi matatu yameshapita: kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi kuwa biashara, kibali cha uendelezaji, na kibali cha ujenzi. Hicho cha tatu huangalia zaidi msingi, nguzo na usalama wa jengo lenyewe. Ukienda huko kulalamikia msongamano wa magari, umebisha mlango usio wake. Hoja ya kwamba jengo halifai kuwa hapa ina nguvu kwenye uamuzi wa kwanza na wa pili.

Na msidanganywe kwamba huku pembezoni hakuna mipango. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kijiji na mji sawasawa. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nao si kibali. Unaonyesha tu kwamba anamjua mtu na kiwanja chake.

Basi anzeni kwa afisa mipango wa halmashauri yenu. Ombeni kuona mpango wa eneo, ombi la mwekezaji na ramani ya kiwanja yenye mipaka, njia za kuingilia na mitaro. Mkizungushwa, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, nanyi mbaki na nakala. Barua isiyo na muhuri ni rahisi kukanwa.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo miji yetu ya vilima na mabonde inapoumia. Chukueni kiwanja cha ekari 2, yaani desimali 200. Ni kama mita za mraba 8,100. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja, hapo zinaanguka takribani lita 405,000. Kiwanja kikiwa na nyasi na miti, tukadirie kwamba robo ndiyo inayotiririka: lita 100,000. Kikishaezekwa na kusakafiwa kwa zege, hutiririka sehemu tisa kati ya kumi: kama lita 365,000. Tofauti ni zaidi ya lita 260,000, malori 26 ya maji ya lita 10,000 yakimwagwa bondeni kwa saa moja.

Pimeni na mtaro unaoyapokea. Mtaro wa sentimita 45 kwa 45, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, hubeba lita 200 hivi kwa sekunde. Jengo hilo peke yake litauletea lita 100. Mtaro ukiwa umejaa mchanga na chupa za plastiki hadi nusu, nafasi yote imekwisha, na maji ya mtaa mzima hayajaingia bado. Ndiyo maana "maji yataingia nyumbani kwetu" ni kilio cha haki, lakini ofisini kinasikika kama hofu tu. Andikeni hesabu, kisha daini tangi la kuzuia maji: mita za ujazo 260, likiwa na kina cha mita 2, linahitaji mita za mraba 130. Lionekane kwenye mchoro. Ahadi ya mdomo haizuii mafuriko.

Kama kiwanja kinagusa kinamasi, hoja inakuwa nzito zaidi. Kinamasi cha Nakivubo huchuja maji machafu ya Kampala kabla hayajafika kwenye ghuba ya Ziwa Victoria, ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji. Kila kipande kinachofukiwa hupunguza kazi hiyo. Ulizeni kama tathmini ya athari kwa mazingira na jamii imefanywa, na someni masharti ya cheti cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, si ukurasa wa kwanza tu.

Kuhusu magari, hesabuni wenyewe kila dakika 15, saa 1 hadi 3 asubuhi na saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, siku moja ya kazi na Jumamosi moja. Kisha ulizeni lori la mizigo litageukia wapi. Likirudi nyuma kutoka barabarani, boda boda na watoto wa shule ndio watakaoumia.

Wenye vibanja, yaani mnaokaa kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, suala la umiliki lifuatilieni kando, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998. Kamati ya mipango, inayoamua ombi la mwekezaji, haiwezi kuwaamulia hilo.

Kamati inaweza kukubali, kukubali kwa masharti, kuahirisha au kukataa. Mkiomba kukataliwa tu, mnaweza kutoka mikono mitupu. Wekeni pia masharti mbadala: tangi la maji, mahali pa kugeukia lori, ukomo wa ghorofa. Utaratibu ukikiukwa, maombi ya Mahakama Kuu kupitia upya uamuzi hufunguliwa ndani ya miezi 3, kwa hiyo muoneni wakili mapema.

Na jengo likiisha, haliruhusiwi kutumika bila kibali cha ukaazi. Kabla hakijatolewa, mpelekeeni afisa wa majengo barua yenye picha: tangi lipo, au mahali pake pameegeshwa magari.